Bao Nililofunga Jumapili

Langas, Eldoret

Kaka Josphat,

Ninayo heshima kutangaza kwamba Jumapili nilifunga bao dakika ya sabini, nikiwa nimelala chini ya lori la mahindi nikikaza bolti. Nilijisikia redioni: "Hosea Kimutai, kiungo chipukizi wa miaka ishirini na tatu!" Fundi mwenzangu akaniita, "Hosea, umefunga na unanyamaza? Nunua soda!" Wewe umefikisha ishirini na tisa, lakini sikukuharibia.

Huku mvua imeanza vizuri. Mama amepanda viazi, na bado anasema nivumilie, kwamba uliazima tu cheti changu cha kuzaliwa ili klabu ikuchukue, na siku ukistaafu utanirudishia. Nimevumilia. Hata mpira niliacha, maana ligi haiwezi kubeba Hosea wawili.

Ila juzi nilienda na Jepchumba ofisini kuandikisha ndoa yetu. Karani akaingiza namba ya cheti changu kwenye kompyuta, akacheka. "Kijana, na wewe si uko na bibi? Sylvia. Mlioana Nairobi mwaka juzi."

Hongera, kaka. Hiyo harusi yangu hata sikualikwa. Nisalimie Sylvia.

Nilimweleza Jepchumba kila kitu pale nje, kuanzia cheti hadi redio. Alisikiliza vizuri, halafu akaniuliza, "Sasa mimi ningeolewa na nani?"

Amerudi kwao Burnt Forest.

Mdogo wako,
Hosea