Nepi, Dramu na Mama Mukwe

Siku ya tano ya joto hii. Jua inawaka tangu asubui, upepo ya ziwa imekatala kupanda mpaka huku ku kambi. Roho yangu haitulie.

Bale bananisomaka hapa banajua dramu yangu. Maji ya kuoga na ya kuosha masahani siitupake. Naimwangaka mu dramu ya changarawe, muchanga na makala. Inapita pole pole, inatoka chini imechujika, njo nanywesha nayo tomati. Pompi ya maji iko mbali, mvula haiko. Bila ile dramu bustani ingekuwa ilishakufa. Sheria ni moja: maji ya nepi haiingie mule, hata tone. Batu ya afya balitufundisha vile, na balirudilia: dramu inachuja sabuni na mafuta, haiuake magonjwa ya choo.

Mama mukwe alifika toka Chienge juu ya kunisaidia na mutoto mupya. Juma mbili sasa. Nepi anafua ye mwenyewe asubui mapema, anakatala niguse. Jana njo niliamuka mapema, nikamuona anainamia dramu na beseni, anamwanga yote mule. Anaimba, kama ni kazi ya kila siku.

Hapendake maji ipotee.

Mukamwana anaweza kumuambia aje mama mukwe kama maji ya mujukuu wake ni ya buchafu? Kwetu haisemwake. Nikamudanganya: dramu imepasuka, tusiitumie tena. Akaitika. Nikajiona mwerevu.

Leo asubui namukuta mu bustani. Sababu dramu "imepasuka," beseni ya nepi anaimwanga moja kwa moja ku tomati, mumea kwa mumea. Alafu anachuma moja nyekundu, anaipangusa ku kitenge, anaipeleka ku kinywa.

Nikapiga kelele kama mutu ameona nyoka. "Mama, wachia!"

Nikasema yote, hata ile ya kudanganya. Akaweka tomati chini pole pole. Haya ilinikula, sikuweza kumuangalia.

"Mutoto wangu," akasema, "mi nakulaka moja kila asubui tangu nilifika. Na ya jana magaribi, niliikula na chumvi mbele yako. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.

Jana magaribi sikumukataza, nikamusogezea chumvi.

Tomati yote nimechuma nikafukia mu shimo. Nimechemusha maji, nimetayarisha chupa ya maji ya sukari na chumvi, juu ya kuhara. Batu ya hapa ku ziwa banajua kolera, hatuifanyie muchezo. Mama amekaa ku mukeka na mutoto, haongee sana. Kila wakati anasimama kwenda ku choo, najifanya nafagia ili nimuone anatoka aje.

Nimemuomba pardon kwa magoti. Anasema amenisamehe.

Tumbo yake je, itanisamehe?