Alama Mbili za Tangi la Masieda

Jumatatu, 3 Februari
Sala ya asubuhi, uji, kisha bondeni kwenye tangi la chini, hapa kwetu Masieda. Pampu yetu ya kitongoji cha juu bado inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama mtu mwenye kwikwi. Mota ya kwanza iliungua hivyo. Hii ikiungua, hatuna nyingine. Mzee Qamara wa kitongoji cha chini anataka bomba linalotuunganisha na tangi lao likatwe, akidai tunawaibia maji. Mkutano ni Jumamosi. Likikatwa, tunarudi mtoni na punda. Nina huzuni.

Jumanne, 4 Februari
Binti yangu Paskalina amefika kutoka chuoni, anakofundisha hesabu za mitambo inayojiendesha. Amepima pampu yetu, na ile ya kisima inayojaza tangi la chini, kila moja peke yake: zote mbili tulivu. Ugonjwa umo katika kuunganishwa kwao. Sisi wazee wa vitongoji viwili tulikubaliana alama moja kwenye tangi la chini, kwa haki. Maji yakiipita, pampu yetu ivute. Yakipungua, izime, na pampu ya kisima ijaze. Asizidishiwe mtu maji hata kidole kimoja. Kumbe tukivuta kidogo tu, maji yanashuka, pampu inazima, yanapanda, inawaka. Haki yetu ndiyo inayounguza mota. Neno hilo limenichoma.

Alhamisi, 6 Februari
Anataka alama mbili. Tuanze kuvuta kwenye ya juu, tuache kwenye ya chini. Katikati, kila pampu iendelee na kazi iliyokuwa nayo. Lakini haridhiki kukisia. Ametafuta kutwa, kwa hesabu, kipimo kimoja cha mtikisiko wa mfumo mzima, kisichopanda hata pampu inapogeuka ghafla. Mimi nilisali rozari. Alasiri akapiga meza: "Baba, kinashuka! Maji yakishaingia kati ya alama, hayatoroki!" Nilielewa nusu. Nililia kwa furaha.

Jumamosi, 8 Februari
Mkutano. Mzee Qamara alisimama na fimbo yake.
"Binti, shikamoo yako nimeipokea. Hiyo nafasi katikati ni ya nani? Si mlango wa wizi huo?"
"Babu, ni ya pampu kupumua. Maji yakifika alama ya chini, yetu inazima. Yanayobaki ni yenu, kama zamani."
"Na ikishikwa na kwikwi tena?"
"Bomba nitalikata mwenyewe."
Akafikiri. Akasema basi pampu ipumue, maana katekista wao, yaani mimi, hakuwahi kupumua katika mahubiri. Kicheko kikubwa.
Fundi akaweka alama ya pili, juu ya ile ya zamani. Pampu ikawaka. Ikaendelea. Ikaendelea. Maji yalipofika alama ya chini ikazima, ikapumzika, ikawaka tena kwa wakati wake. Vigelegele vitongoji vyote viwili. Bomba limebaki. Tumeshinda! Mungu anisamehe majivuno, tumeshinda.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya ibada Mzee Qamara alipanda kwetu. Akanywa maji ya bomba, akaketi kando yangu. Tukasikiliza. Bondeni pampu yetu iliwaka, na kwa muda mrefu haikuzima.