Bastola Pacha na Finjani ya Pili

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo, na salamu za amani kutoka Jeddah. Goti lako vipi? Salha wangu anauliza kama mafuta aliyokupelekea yamekufaa, au umeyagawa kwa majirani kama kawaida yako. Sisi wazima, joto tu linatuchoma hapa mtaani kwetu Bani Malik.

Sasa kaa kitako. Nimeipata! Ile bastola ya Riyadh nimeipata, na kila nikipita mbele ya kabati natamani kupiga kigelegele, mwanamme mzima mie.

Ugonjwa wangu unaujua: bastola ndogo za mfukoni za karne ya kumi na tisa, vyuma vya kale ambavyo hata risasi zake hazitengenezwi tena. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Kibelgiji, ina mpini wa pembe na kifyatulio kinachojikunja chini kama mguu wa kuku aliyelala. Sanduku lake lina vitanda viwili vya mahameli, na kimoja kilikuwa kitupu tangu nilinunue. Pacha wake, mwenye namba ileile, alikuwa kwa mzee Abu Fahd, mkusanyaji mwenzangu wa Malaz, Riyadh. Kila nikimwomba hujibu, "Siuzi." Juzi nikasikia anataka kuwagawia wapwa zake wa ng'ambo vyuma vyake vyote. Vikishatawanyika, ndiyo basi tena.

Nikapanda basi mpaka kwake. Alinikaribisha vizuri, tende na kahawa. Wenyeji wa huku wana desturi: mgeni mwenye haja kubwa huweka finjani chini, hanywi mpaka akubaliwe, na mwenye nyumba huona aibu kumkatalia. Hiyo ndiyo niliyoitegemea. Lakini Mzanzibari na kahawa! Mazungumzo yalinoga, nikashtukia finjani nimeshaimaliza. Bahati yangu sikuitikisa, maana huku asiyetikisa finjani huongezwa. Akanimiminia ya pili. Nikaiweka chini.

"Mbona hunywi?"

"Nina haja kwako, ami."

Akanitazama, akalitazama kabati lake. "Ewe mtu wa Zinjibari, umenitega nyumbani kwangu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, kunywa. Ni yako."

Wallahi Dada, nililia mbele yake bila haya. Vibali vilipoandikwa jina langu nikaja nayo, ikalala kitandani mwake sawasawa. Salha, ambaye siku zote huviita vyuma vyangu wake wenza, safari hii ndiye aliyewaita majirani waje waone.

Msalimie sana shemeji, aliyesema nakusanya kutu. Mjukuu wetu Ruwaida mbusu, na shangazi Bi Asha mshike mkono kwa niaba yangu, aniombee dua.

Jana Abu Fahd kapiga simu. Anakuja kututembelea Jeddah, ana hamu ya kuwaona pacha wakiwa pamoja. Nimemwambia karibu sana, nyumba ni yake. Ila Salha nimeshamwonya: siku hiyo kahawa haipikwi humu ndani. Ni chai tu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Seif