Baba Ameshika Pikipiki Tena

Mama mpendwa,

Habari za Makindye? Sisi tuko Kisoro, wazima kabisa, ila baridi ya huku inauma masikio.

Jana tulisimama juu ya mlima wa Kanaba kwa sababu ukungu ulikuwa umefunika barabara. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akatupatia chai ya tangawizi. Unajua Baba, tangu ile ajali yake ya pikipiki, haendeshi tena; hukaa nyuma yangu akiling'ang'ania koti langu. Ukungu ulipotawanyika, tukaona milima mitatu ya volkano mbele yetu. Baba akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

"Baba, utaweza?"

"Nipe kabla sijaghairi."

Aliteremka zile kona polepole, mimi nyuma nikiomba kimyakimya. Katikati ya msitu wa mianzi akaanza kuimba nyimbo za kanisani, kwa sauti ile yake ya zamani. Tulipofika chini alizima injini, akalia kidogo, kisha akauliza kama kuna njia nyingine ya mlimani.

Anakusalimu sana, Mama. Anasema ujitafutie helmeti inayokutosha, kwani Jumapili atakupeleka kanisani mwenyewe.

Akupendaye,
Nekesa