Dakika Ishirini Juu Mlimani

Jumanne, 7 Januari

Watalii kumi na mmoja leo. Nimefunga minyororo ya matairi mwenyewe, vidole vikafa ganzi. Kona thelathini na mbili mpaka juu, na kila kona kuna mtu anataka nisimame apige picha! Nimesimama mara tatu tu. Wamenuna. Shauri yao, nilitaka kufika mapema.

Juu tunapumzika dakika ishirini. Abiria wanaingia mgahawani, mimi nabaki kwenye basi nikitazama dirisha la jikoni. Binti yangu anafanya kazi humo. Leo nimeona mkono wake ukifuta mvuke kwenye kioo. Mkono tu. Miaka miwili sasa, tangu tumzike mama yake, hajaniita baba.

Alhamisi, 9 Januari

Theluji usiku kucha. Greda limetangulia kusafisha barabara, sisi nyuma polepole kama vifaranga.

Madereva hupewa chai ya bure pale juu. Ya kwangu ameileta mpishi, yule Kibonge. Haikuwa na sukari. Kibonge hajui kwamba daktari amenikataza sukari! Nimemuuliza nani kaimimina. Akasema kunywa mzee, acha upelelezi.

Halafu akanidokezea: barabara ikifungwa, binti anashuka upande wa pili wa mlima. Amepata kazi hotelini, mbali huko. Chai ikanipalia.

Jumapili, 12 Januari

Aibu! Aibu tupu!

Nimewaelezea abiria bonde, maporomoko yaliyoganda, yote kama kawaida. Nikasahau kuzima maiki. Nikaanza mazoezi yangu — kila safari, kuanzia kona ya ishirini, najisemea yale nitakayomwambia binti siku akinisikiliza.

“Mwanangu, wewe uliye jikoni kule juu, asubuhi ile ulinishika koti. Ukasema mama hali yake mbaya, usiende. Nikakwambia kazi ni kazi. Nilikudanganya. Dereva mwingine wa zamu alikuwepo. Niliogopa kumwona mama yako akikata roho. Nikakuachia wewe, na miaka yako kumi na tisa.”

Hakuna hata anayepiga picha. Mwalimu mstaafu wa kiti cha mbele akanigusa bega: dereva, maiki hiyo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Kufika juu, mwalimu huyo akashuka wa kwanza, mbio jikoni. Nimempigia honi, wapi! Aliporudi nikamuuliza amemwambia nini mwanangu. Akasema, nimemwambia baba yake ana jambo la kusema, na amenisimulia mimi mgeni kabla ya kumsimulia yeye. Kisha akafungua gazeti lake.

Ni kweli. Lakini nani alimtuma?

Jumatano, 15 Januari

Chai haikuja. Pazia la jikoni limefungwa.

Jioni nimekula nimesimama, sufuria mkononi. Nimemkumbuka mke wangu. Na yule mtoto, yu hai, mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa, naye namkumbuka vilevile.

Ijumaa, 17 Januari

Safari ya mwisho. Ofisi imesema kuanzia kesho barabara inafungwa hadi Machi.

Naandika kwenye basi, abiria wako mgahawani. Greda la upande wa pili limeegeshwa pale, injini inanguruma. Kibonge anasema binti anashuka nalo leo hii. Nilisema nitashuka nikagonge mlango wa jikoni. Bado nimekaa hapa. Woga ule ule, jamani!

Zimebaki dakika kumi na mbili.

Mlango umefunguka. Ni yeye, begi mgongoni. Anaelekea kwenye greda. Ameongea na dereva. Ameweka begi ndani —

Anakuja huku.

Ameingia, amekaa kiti cha mbele. Hajanisalimu. Amekonda. Amesema hita yako haitoi joto. Nimeiongeza. Naandika ili nisimtazame, nikimtazama nitalia, na abiria wanakaribia kurudi.

Greda limepiga honi. Hajageuka.

Ameniuliza, unaandika nini? Nimesema ratiba. Amesema, wewe mzee hujui kudanganya, uliweza mara moja tu, asubuhi ile.

Amevua glavu. Amenyoosha mkono, anataka daftari.