Jina Uliloniita Mlango Ukifungwa

Mume wangu Athumani,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako nitaiulizaje? Mimi nimo edani bado, hapa hapa Usagara, na kichwa kimenivurugika.

Jana bwana meneja wa shamba la mkonge alikuja kunihani. Rafiki yako karani Yohana akatafsiri, nami nikajibu nyuma ya pazia. Kila alipolitaja lile lori lililopinduka nawe njia ya Kigombe, meneja alisema "dizasta". Alipotoka nikamwuliza Yohana, neno gani hilo? Wanijua, siachi neno lipite. Akasema ni balaa, msiba mkubwa. Ila mwalimu wao wa misheni aliwaambia kwamba asili yake, huko Ulaya ya kale, ni nyota mbaya.

Athumani, nyota tena!

Unakumbuka mwaka ule aliotawazwa Malkia, maalim alipohesabu majina yetu na ya mama zetu, akasema nyota zetu zinapigana? Nikabadilishwa jina kabla ya ndoa, Mwanakombo nikawa Zaina, na mama yako akaridhika. Lakini wewe, mlango ukishafungwa, ulicheka: "Mwanakombo wee, hebu nipe maji." Nami nikiitika. Nilipenda kuitika!

Sasa sijui. Je, tuliiamsha ile nyota wenyewe, wewe kwa kuita na mimi kwa kuitika? Nilimwuliza Yohana kama meneja naye anaamini nyota. Akasema, "La, shemeji, yeye anasema breki tu. Nyota imo ndani ya neno, watu wameshaisahau." Yawezekanaje kulitamka jambo kila siku na kulisahau? Mama yako anasema nyota, meneja anasema breki, na neno lake lina nyota. Wote wawili nawasadiki, kisha simsadiki hata mmoja. Mama hajui kwamba uliendelea kuniita vile. Akiniita Zaina nageuka kutazama nani ameingia.

Nenda salama, mpenzi wangu, Mungu akulaze pema. Nani wa kulaumiwa, bado sijui. Nakuahidi hili moja: eda ikiisha nitamwambia mama yako kila kitu, na akitaka kunifukuza, anifukuze kwa jina langu.

Mkeo,
Mwanakombo