Ubeti wa Bibi Yangu

Marahaba, Nakijwa. Hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeuliza kama kwaya yenu iufute ubeti unaomcheka mwanamke tasa katika wimbo wetu wa kusafisha ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana wa shule, niliuruka ubeti huo nilipouandika wimbo daftarini. Nikamsomea bibi yangu kwa majivuno.

“Wangu umeupeleka wapi?” akauliza. “Miaka saba waliniimbia huo pale bwawani, kabla sijamzaa baba yako. Ukiufuta, nani atajua nilivyotendewa?”

Nikaurudisha kwa wino, na chini yake nikaandika: huu ni uonevu.

Nanyi msiufute, kisha muwaseme waliouimba. Mimi hadi leo ninawasema.

Ni mimi bibi yako, Gonja.